Bampa Tuliloshona Mimi na Mama Mkwe

Singe, Babati. Jumamosi, jioni.

Mvua ilikatika adhuhuri na sasa jua limechungulia kidogo kabla ya kuzama. Nimekaa kizingitini, daftari mapajani, kwa sababu ndani kumeshaingia giza na mafuta ya taa yametuishia tangu juzi. Kidole gumba cha mkono wa kulia kina lengelenge. Nywele zinanuka moshi wa plastiki hata baada ya kuoga, na kipande cha sabuni kilichobaki si cha kuogea mara mbili.

Sijali. Leo nina furaha mpaka naona aibu.

Gari la mume wangu, Baba Roza, limerudi barabarani.

Na waliolirudisha ni mimi na mama mkwe. Nimeandika sentensi hiyo, nimeisoma tena, na bado inanichekesha. Mwezi uliopita mtu angeniambia kwamba mimi na yule mama tutafanya kazi moja bila kugombana, ningemwuliza amekunywa nini.

Acha niianze mwanzo, maana kichwa kimejaa.

Baba Roza alikuwa dereva wa mradi fulani wa wazungu. Mradi ulipofungwa, daktari mmoja Mfaransa aliyekuwa anarudi kwao alimwuzia gari lake dogo. Tuliuza ng'ombe wawili na mtamba mmoja, tukalipata. Tangu hapo ndilo shamba letu la pili. Linapeleka wagonjwa hospitali ya Dareda, linaleta wageni wa harusi, linabeba mama na gunia lake la maharage mpaka sokoni. Mafuta yakipatikana tunakula vizuri. Yasipopatikana, linalala uani chini ya turubai na sisi tunarudi kwenye jembe.

Karibu magari mengine yote hapa Babati yana mabampa ya chuma. La kwetu ni la plastiki nyeusi, pana, limezunguka pua yote ya gari kutoka tairi hadi tairi. Siku za kwanza watu walikuwa wanaligongagonga kwa vidole wakicheka. Baba Roza alikuwa akiwaambia ndiyo mambo ya kisasa hayo.

Mambo ya kisasa yalikutana na ng'ombe kule Bonga.

Alikuwa anatoka Bonga na abiria, mvua inanyesha, ng'ombe akakatiza ghafla. Akamkwepa. Gari likateleza, likaingia mtaroni na pua ikapiga ukingo wa udongo wenye mawe. Namshukuru Mungu hakuna aliyeumia, hata ng'ombe. Lakini bampa lilipasuka katikati kutoka juu mpaka chini, na pembe ya kushoto ikasambaratika. Baba Roza aliokota vipande matopeni, akavileta nyumbani kwenye gunia. Kipande kikubwa cha pembe hakukiona. Kilichukuliwa na maji.

Akalifunga kwa kamba za katani, akaendelea na kazi. Haikuchukua muda, askari wa barabarani akamsimamisha. Hakuwa na ukali, Baba Roza mwenyewe anakiri. Alimwonyesha ule upande ulioning'inia, ncha zake kali kama kisu, akamwambia, "Hii ikimkwaruza mtoto mguuni, mimi na wewe tutasema nini? Usibebe abiria mpaka bampa likae sawa."

Ndipo tulipojua tuna gari lakini hatuna gari.

Fundi wa kuchomelea pale karibu na soko alilitazama akatikisa kichwa. Alisema lingekuwa chuma angelishika hata kama gesi yenyewe ni ya kuvizia, lakini plastiki hajui inashikwa wapi. Arusha Baba Roza alikwenda, akarudi mikono mitupu. Nchi ambayo tunapanga foleni ya sukari na ya kanga, nani ataagiza bampa la gari la Kifaransa?

Siku zikapita. Gari uani, turubai juu yake, kuku wakalala chini yake. Baba Roza akaanza kunyamaza. Mimi simwogopi mume wangu akifoka. Akinyamaza ndipo ninapoogopa.

Jioni moja tukila makande akasema, kama mtu anayezungumzia hali ya hewa, kwamba amepata mnunuzi kutoka Arusha. Atakuja Jumamosi. Bei yenyewe ni ya kutupa, lakini gari lililolala nani atalinunua kwa zaidi? Akiliuza, ataondoka na binamu yake kwenda machimboni kutafuta vito. Akipata, ataturudia.

 Nilitazama sahani yangu tu.

Baba yangu mzazi naye aliondoka hivyohivyo, akaenda kukata mkonge. Akipata, atarudi. Nilikuwa na umri kama wa Roza sasa. Tulipokea sanduku lake la mbao likiwa na shati, kofia na rozari. Mama hakulifungua kwa muda mrefu. Kwa hiyo mume wangu aliposema neno machimbo, mimi niliona sanduku.

Asubuhi yake nikamwambia, "Niachie bampa nijaribu."

"Ujaribu nini?"

"Kuliunga."

Alicheka, cheko la kwanza tangu siku ya ng'ombe, nikalipokea hata kama lilikuwa la kunicheka. "Mama Roza," akasema, "bampa si ndoo."

Alikuwa na haki ya kusema hivyo. Kwa kuwa ndoo mpya hazipatikani, mwaka huu wote mimi nimekuwa mtu wa kuunga ndoo. Nilianza na yangu, nikaja ya jirani, halafu mabeseni ya watu wa kanisani. Napasha bisibisi kuukuu kwenye jiko la mkaa, nayeyusha ukanda wa ndoo nyingine iliyokufa, nasugua juu ya ufa mpaka viwe kitu kimoja. Joto likizidi, plastiki inatoa moshi na kuwa kavu kama ganda la yai. Likipungua, inakaa juujuu tu. Ukitema mate kidogo kwenye bisibisi yakaruka, hapo ndipo.

Mama mkwe alikuwa jikoni akisikiliza. Tangu alipohamia kwetu kutoka Dareda, baada ya baba mkwe kufariki, hajawahi kusifu kitu nilichofanya. Ugali wangu ni laini mno. Mtoto namvalisha nguo nyingi. Siku hiyo alitema ugoro wake nje ya mlango, akasema, "Mke hagusi gari la mume. Likimshinda fundi mwanamume, wewe utalifanyaje?"

Nilichukua gunia la vipande nikaenda nyuma ya nyumba.

Jaribio la kwanza lilikuwa aibu. Niliosha bampa, nikalikausha, nikalaza kipande juu ya kipande, nikayeyusha ukanda wa ndoo ya bluu kwa uangalifu kuliko nilivyowahi kufanya. Likapendeza! Mstari wa bluu umelala kwenye ufa, umenyooka. Nikaliacha lipoe. Nikalishika huku na huku, nikakunja kidogo tu.

Ukanda wote ukabanduka kwa mkupuo mmoja, kama ukoko wa ugali kwenye sufuria.

Nikarudia. Ukabanduka. Nikatumia beseni jekundu, nao ukabanduka. Nilikuwa nimeshawaambia majirani wawili kwamba naweza. Nilikaa chini kwenye matope nikalia, na si kwa sababu ya bampa.

Niliposikia miguu nikajifuta haraka kwa upande wa kanga. Alikuwa mama mkwe. Alisimama akanitazama, akatazama bampa, akaliinua upande mmoja na kuuchungulia ule ufa kwa ndani. Nilisubiri maneno. Nilikuwa nimejiandaa hata na jibu baya, Mungu anisamehe.

Akasema, "Hili limepasuka kama kibuyu."

Halafu akaenda zake. Nikadhani ndiyo basi. Akarudi na msharasi wake, ule anaoshonea vibuyu vya maziwa vikipasuka, na kigoda. Akaketi.

"Kibuyu hakipakwi tu gundi juu," akasema. "Maziwa yakichachuka kitapasuka tena. Kwanza unashona, ndipo unaziba. Wewe umekuja kuziba kitu ambacho hakijashonwa."

"Lakini mama, hata nikishona, hii plastiki yangu haishiki."

"Hiyo ni kazi yako. Mimi sijui plastiki. Mimi najua kushona."

Sijui kwa nini maneno yale makavu yalinitia nguvu kuliko kubembelezwa. Labda kwa sababu alikuwa amekaa. Mtu asiyetaka kusaidia haji na kigoda.

Basi nikaanza kufikiri badala ya kulia. Ndoo kwa ndoo inashikana. Ndoo kwa bampa haishikani. Kumbe plastiki nazo zina koo zake, haziolewani ovyo. Nikazunguka nyumba nzima na uwanja nikikusanya kila cha plastiki: ndala iliyokatika, kitana, dumu lililotoboka, kalamu ya Roza iliyokwisha wino, kifuniko cha chupa ya chai. Kila kimoja nilikiyeyusha kidogo nikakibandika kwenye kipande chakavu cha bampa, nikaacha kipoe, nikavuta. Ndala ilitoa moshi mweusi, ikatukohoza wote wawili. Kitana kikavunjika. Kalamu ikadondoka yenyewe. Dumu likashika kidogo, nikapata matumaini, halafu likaachia.

Mama mkwe alikuwa ananitazama, ugoro mdomoni. Kila kimoja kilipoachia alitoa sauti fulani puani. Kufikia lile dumu nilikuwa nataka kumrushia.

Mwisho nikaikumbuka betri.

Kule kibandani Baba Roza alihifadhi betri ya gari iliyokufa. Ina kasha la plastiki nyeupe iliyopauka. Amekuwa akiitunza akisema siku moja ataipeleka ikafufuliwe Arusha. Nilikwangua kona yake kwa kisu, nikapata unyuzi, nikauyeyusha juu ya kipande cha bampa. Harufu ilikuwa ileile ya bampa likiungua, kama mshumaa uliozimwa sasa hivi. Nikaacha upoe. Nikavuta kwa vidole. Nikavuta kwa koleo.

Kipande cha bampa kilikatika pembeni. Kiungo hakikuachia.

Nilipiga kelele. Kuku wakatawanyika. Mama mkwe akaninyang'anya kile kipande, akakivuta mwenyewe, akajaribu hata kwa meno, na mimi nikaona uso wake ukifunguka. Ana mwanya mzuri. Sikuwa najua.

"Huyu ni ndugu yake," akasema.

Nilimwomba Baba Roza ile betri. Hapo ndipo alipoanza kuamini kidogo, au alikuwa ameshakata tamaa, sijui, kwa sababu alijibu tu, "Chukua. Mwenye gari kesho keshokutwa si mimi." Akatusaidia kumwaga maji yake makali ya tindikali kwenye shimo mbali na bustani, na zile bamba zake za ndani, za madini ya risasi, akaziweka kando zisiguswe na mtoto. Kasha nililiosha kwa maji ya magadi, yale ninayowekea maharage yaive upesi, likatoa povu na kuchemka lenyewe bila moto. Tone moja la yale maji makali lilikuwa limenirukia kabla ya hapo. Kanga yangu nzuri, ile niliyoipangia foleni tangu alfajiri pale dukani, ina tundu sasa. Itabaki na tundu lake.

Kisha tukafanya kazi.

Mama mkwe alipasha msharasi kwenye mkaa akatoboa matundu mawili mawili kila upande wa ufa, kwa kipimo cha jicho tu. Akashona kwa waya mwembamba wa shaba niliouzongoa kwenye dainamo iliyoungua. Alishona kwa ndani ili nje pasionekane kitu, akikaza kila mshono kwa meno ya mbele. Mimi nikafuata nyuma yake na bisibisi ya moto na nyuzi za kasha la betri, nikizika waya ndani ya plastiki, mshono baada ya mshono. Kwa nje nilichonga mfereji juu ya ufa, nikaujaza. Rangi nyeupe juu ya nyeusi ilionekana kama kovu. Yeye ndiye aliyesema, "Weka masizi." Akaenda kukwangua sufuria. Nikanyunyiza masizi juu ya plastiki ikiwa bado laini, nikakandamiza kwa kijiko cha moto, ikameza weusi wote.

Tulizungumza. Mikono ikiwa na kazi, mdomo hulegea. Aliniambia alivyoolewa, na jinsi mama mkwe wake mwenyewe alivyomwaga uji wake wa kwanza mbele ya wageni. "Nami nikasema, nikipata mkamwana sitamwaga uji wake," akasema. Akafikiri kidogo. "Sijawahi kuumwaga."

"Hapana mama, hujawahi," nikasema. Tulicheka mpaka akashindwa kushika msharasi.

Ile pembe iliyopotea ndiyo ilinitoa jasho. Ukuta wa kasha la betri ni bapa, pembe ya bampa ni ya mviringo. Nilikata kipande, nikakipasha juu ya makaa mpaka kikalegea kama chapati mbichi, lakini kila nikikikunja kwa mkono kinajipinda vibaya. Mama mkwe akaondoka tena bila kusema anakokwenda. Ana tabia hiyo. Akarudi na chungu chake cha kupikia mboga, akakifudikiza chini. Tukalaza plastiki ikiwa moto juu ya tumbo la chungu, tukaikandamiza pamoja na kitambaa kilicholowa, mikono minne. Ilipopoa ilikuwa na mviringo uleule.

Hapo nikafanya jambo langu mwenyewe, ambalo sikumwuliza mtu. Pembe ya zamani ilishuka chini sana. Ndiyo maana hata kabla ya ng'ombe ilikuwa imechubuka kwa kukwaruza matuta ya njia zetu. Aliyeitengeneza alifikiria lami. Mimi nikaikata ya kwetu iwe fupi, nikaipindisha chini yake ielekee ndani, ili gari likishuka kwenye shimo pembe ipite juu ya udongo. Halafu ile ya kulia, iliyokuwa nzima, nikaikata ifanane nayo.

Ndiyo, niliikata iliyo nzima. 

Baba Roza alipoona alishika kichwa. "Mama Roza! Hata iliyopona?"

"Gari litakuwa na pembe mbili zinazofanana au halitakuwa na pembe," nikamwambia. Sijui ujasiri ule niliutoa wapi. Mama mkwe akaongeza kwa Kiiraqw neno fupi ambalo sitaliandika, na mwanawe akageuka akaenda zake.

Matundu ya kufungia yalikuwa yamechanika. Niliyajaza, nikatoboa upya, nikaweka vizibo vya soda vilivyogongwa vikawa bapa ili vichwa vya boliti visizame. Tukakwangua kwa kipande cha kioo, tukasugua kwa majani ya msasa, na mwisho mama mkwe akalipaka mafuta ya nyonyo kama anayempaka mtoto mchanga. Liling'aa.

Ndiyo tukafika leo asubuhi.

Baba Roza alilifunga mwenyewe, manyunyu yakimdondokea shingoni. Alikaza boliti ya mwisho, akarudi nyuma, akalitazama. Akalizunguka. Akachuchumaa akachungulia chini. Halafu akalipiga teke kwa kiatu chake kizito, pale pale kwenye mshono, kwa nguvu mpaka gari likatikisika. 

Bampa lilibonyea kidogo, likarudi mahali pake.

Akapiga tena. Likarudi.

 Alipitisha kiganja juu ya mstari wa ufa, mara mbili, akitafuta ulipo. Hakuupata.

Tulikuwa bado tumesimama hivyo, mimi, yeye na mama yake, mnunuzi alipoingia uani na mwenzake. Bwana mwenye koti zuri, amekuja na lori la mizigo kutoka Arusha. Tulisalimiana, nikampa kiti na chai ya rangi isiyo na sukari, akanishukuru kama yenye sukari. Alikuwa mtu wa heshima. Alilizunguka gari, akauliza, "Bampa umepata wapi? Niliambiwa halina."

"Limeshonwa," akasema Baba Roza.

Yule bwana akacheka, akidhani ni utani. Akainama, akavuta pembe kwa mikono miwili. Akamwita mwenzake naye avute. Mwisho akapangusa mikono na kusema kwamba, kama ni hivyo, anaweza kuongeza kidogo kwenye bei.

Nikamtazama mume wangu.  Nilijua jinsi anavyohitaji zile fedha, na jinsi alivyokwisha kumwahidi binamu yake. Alikuwa amelishika bampa kwa mkono mmoja, kama mtu aliyeshika bega la rafiki.

"Nisamehe kwa safari uliyoipoteza, ndugu yangu," akasema. "Siliuzi."

Nilikimbilia jikoni. Nilijifanya naangalia moto. Moto ulikuwa umezimika tangu asubuhi.

Baada ya mgeni kuondoka, Baba Roza akasema anaenda kwa askari. Mama mkwe alikuwa ameshavaa kitenge chake cha kanisani. "Tunaenda wote," akasema. "Nataka nisikie watasemaje juu ya kazi yangu."

Kazi yangu!  Akakaa kiti cha mbele, mgongo wima, mkoba mapajani. Mimi na Roza tukakaa nyuma. Njia nzima ya Singe hadi mjini nilisikiliza chini ya gari. Kuna lile shimo karibu na kisima cha jirani, ambapo kila siku pembe ilikuwa ikikwaruza, krrrr, tukikunja nyuso. Tukashuka. Tukapanda. Hakukuwa na sauti yoyote. Baba Roza akanitazama kwenye kioo. Macho yetu yalikutana pale kiooni, nami nikajiona mrefu.

Askari alikuwa kibarazani akikimbia manyunyu. Alitoka, akachuchumaa, akapitisha vidole kila mahali akitafuta ncha kali. Akavuta. Halafu, yeye ni mtu mnene kweli, akaweka buti moja juu ya bampa akapanda juu yake, uzito wote, akishikilia boneti. Nikafumba macho. Nikasikia mama mkwe akisema, "Panda yote, mwanangu, usiogope."

Lilishika.

Askari akashuka akicheka. "Shikamoo, mama," akamwambia.

"Marahaba."

"Nani kafanya hii kazi? Fundi gani hapa mjini?"

Baba Roza angeweza kutaja jina lolote. Angeweza kusema ametengeneza mwenyewe na hakuna ambaye angebisha. Alinyoosha mkono, akanishika mimi bega, akasema kwa sauti ya kusikika mpaka kibarazani, "Mafundi ndio hawa. Mke wangu na mama yangu."

Walikuwapo watu kama sita wakijikinga mvua. Wote wakageuka. Askari akatutazama mmoja mmoja, akavua kofia yake. "Basi fanyeni kazi," akasema. "Na hizi pembe fupi nimezipenda. Nani aliyefikiria?"

"Huyu," akasema mama mkwe, akinionyesha kwa kidevu. "Mkamwana wangu. Ana kichwa kigumu."

Nimeolewa miaka minane. Hiyo ndiyo sifa ya kwanza kutoka kinywani mwake, na sitaki nyingine.

Hatukurudi nyumbani na gari tupu. Palepale mama mmoja aliyekuwa kibarazani na mtoto mwenye homa aliomba kupelekwa Dareda. Baba Roza akatushusha sisi, akawapakia wao, akaondoka. Tulirudi Singe kwa miguu, matope mpaka kwenye vifundo, mama mkwe akimsimulia kila tuliyekutana naye. Kila alivyosimulia, askari alizidi kunenepa.

Baba Roza amerudi jioni hii, kabla sijafungua daftari. Mtoto amelazwa na anaendelea vizuri. Ameleta chumvi na kipande cha nyama. Alipomaliza kunawa akasema, akiwa amenipa mgongo, kwamba amempitia binamu yake na kumwambia aende machimboni peke yake. Alisema hivyo tu, akaenda kumbeba Roza. Nami nikabaki nimesimama na ile nyama mkononi. Nilitaka kumwambia habari za sanduku la baba yangu, lakini nadhani anajua.

Kuna jambo moja tena. Nilipokuwa nakata nyama, dereva wa bwana mifugo alikuja na baiskeli, bampa la plastiki limefungwa nyuma yake kwa mpira, limegawanyika vipande vitatu. Habari zimeshafika kwao. Alimwuliza mume wangu, "Fundi yupo?"

Na mume wangu akageuka akaita, "Fundi! Una mgeni."

Sasa bampa lenyewe limeegemea ukuta hapa pembeni yangu. Ni la kijivu, jembamba kuliko letu, na limetoka gari la nchi nyingine. Nimelikwangua kidogo kwa kucha, nikanusa. Si harufu ileile. Huenda betri haitalikubali. Mama mkwe anasema kwa vyovyote tuanze kwa kushona, nami nasema kwa vyovyote tuanze kwa kutafuta ndugu yake, na tumeshabishana mara mbili tangu jua lianze kuzama. Mabishano matamu.

Mstari siuoni tena vizuri. Kesho tutakwenda kanisani, na mchana nitalala. Jumatatu nitawasha moto.